Naombeni msaada: lebo ya kopo la bia, uso umekatika na rangi zimekufa

MchoraVibao

Habari za jioni wanajamvi, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Mimi ni mchoraji, nipo Mbeya maeneo ya Soweto. Kazi zangu ni zile mnazoziona kila siku, vibao vya maduka, ubavu wa bajaji, kuta za saluni na migahawa, fulana za mahafali msimu ukifika. Shule ya uchoraji sijakanyaga, nilijifunza kwa marehemu mjomba nikiwa namshikia ndoo ya rangi na kumsogezea ngazi, kwa hiyo mkinijibu jibuni kwa lugha ya mtaani msije mkanifungulia kamusi.

Iko hivi. Mwezi wa sita kuna mzungu alikuja kupanda mlima Rungwe, akawa anashinda kwenye mgahawa mmoja wa kahawa ambao ukuta wake niliuchora mimi. Akauliza nani kachora, wakanipigia, nikaenda hivyo hivyo na ndala zangu zina rangi. Kumbe jamaa na mwenzake wana kiwanda cha bia kwao Uingereza, na mkisikia kiwanda msifikirie yale magari yamepanga foleni getini, alinionesha picha, ni matanki manne ndani ya banda kama gereji. Wanatengeneza hizi bia za krafti, yani wanapika kidogo kidogo na kila bia ina jina lake na mchoro wake. Wamenunua kahawa ya Mbozi wanataka kupikia stauti, ile bia nyeusi, na kopo lake wanataka lichorwe na mtu wa huku huku. Nikasema nipo.

Nikawachorea kipunji. Kwa wasiomjua ni yule kima wa misitu ya Rungwe na Kitulo, nywele za kichwani zimesimama kama katoka kulala sasa hivi, uso mweusi tii. Wataalamu walimtangaza duniani 2005 kwamba ni mpya, mpya kwao, maana wazee wa Kinyakyusa jina walishampa siku nyingi. Nikamuweka katikati mkubwa anatabasamu kashika tunda la kahawa, macho makubwa hivi ya kupendeza kama katuni, kushoto mlima Rungwe, kulia Daraja la Mungu na maji ya Kiwira, juu jua linazama, kijani ile inayowaka na machungwa inayowaka. Nilichorea kwenye tableti ya kuazima. Kwenye skrini wakuu ilikuwa balaa, hata mwenye tableti alitaka niifanye wolupepa.

Juzi wametuma picha za prufu, yani sampuli ya majaribio, lebo imebandikwa kwenye kopo lenyewe la mililita 440. Nilikaa kimya dakika tano. Mlima haupo, umezunguka nyuma. Daraja nalo nyuma upande wa pili. Kipunji mwenyewe unaona pua na jicho moja na robo, mashavu yameenda kila moja na njia yake. Kijani imekuwa kama mboga iliyolala, machungwa imekuwa tope. Uso mweusi umemezwa na lile giza la nyuma yake, limebaki tabasamu linaelea. Na wao wamekuja kubandika ile mistari ya bei juu ya mkia.

Afu kuna la pili. Mwenzake yule jamaa ameniandikia kwamba kama kipunji akishindikana basi nichore fuvu, maana kwao fuvu kwenye kopo linauza sana, na amesoma mtandaoni habari za fuvu la Mkwawa, yule chifu wa Wahehe, anaona lingekuwa "stori kali". Hapo nilikwama, mimi si Mhehe lakini kuna kitu kilinikaa vibaya.

La tatu mpunga. Wanatoa pauni 150 na mchoro unakuwa wao moja kwa moja. Ni nyingi au nimepigwa?

Nimezoea ukuta, mtu anauona akiwa ng'ambo ya barabara. Hiki kitu mtu kakishika mkononi na kinazunguka, sijui hata naanzia wapi. Nawasilisha.

Fundi Prufu

Dogo, karibu kwenye uchapaji ambako skrini ni muongo wa kwanza na mteja ni wa pili.

Nipo kwenye kazi hii mwaka wa kumi na mbili, nilianzia Kariakoo sasa nipo hapa Mwanjelwa, stika za asali, maji ya kunywa, mafuta ya alizeti, mvinyo, zote zimepita mikononi kwangu. Kosa lako siyo la kipaji, ni kwamba umechora ukuta afu ukaukunja.

Chukua kopo. Hilo la 440 upana wake ni kama milimita 66, ukilizungushia uzi unapata kama 207. Sasa lishike mbele ya uso bila kuligeuza. Unachokiona vizuri bila kujipinda ni kama theluthi tu, sentimita 7 hivi, zinazobaki kushoto na kulia zinakimbia. Kwa hiyo uso wa mnyama wako wote pamoja na masikio ukae ndani ya hizo sentimita 7. Wewe najua umempa kama 12 ndo maana mashavu yamehama. Na usipange kitu cha maana upande mmoja ukategemea kitaonekana pamoja na kitu cha upande mwingine, haitatokea hata siku moja, dukani kopo linawekwa na mtu mwenye haraka, anaweza akaligeuza mgongo likakaa hivyo wiki nzima. Mchoro mzuri wa kopo kila upande ukiangalia unakupa kitu.

Unataka kuona waliomaliza hili tatizo kabla ya kompyuta? Nenda sokoni kwa wanaouza vyungu vya Wakisi, vile vinavyotoka Matema. Angalia yale mapambo yanavyozunguka bega la chungu. Hakuna mbele hakuna nyuma, hujui mama alianzia wapi. Nunua kimoja weka mezani unapochora, sitanii.

Haya rangi. Tableti inachanganya kwa mwanga, mashine inachanganya kwa wino, wanaita RGB na CMYK. Ile kijani inayowaka na machungwa inayowaka hazipo kwenye wino nne za kawaida, hazipo kabisa, hata ungeenda kuchapa Ujerumani. Programu ikibadilisha inakutafutia ya karibu, na ya karibu ndo hiyo mboga iliyolala. Dawa ni mbili, ama uanze kuchora ukiwa tayari umeiset CMYK ili usijidanganye, au wao walipie wino maalum wa Pantone kwa hiyo rangi moja. Chagua moja tu, usiwe na tamaa.

Kuna jambo la wino mweupe na hili ndo watu wengi hawalijui. Waulize lebo inachapwa juu ya nini. Kama ni filamu nyeupe sawa. Kama ni filamu ya fedha inayong'aa, wino wa rangi unapitisha mwanga, ukichapa njano juu ya fedha unapata njano chafu ya chuma. Ndo maana kunakuwa na leya, yani tabaka, ya wino mweupe chini, unaichora wewe, unasema hapa weka weupe hapa acha wazi. Pasipo na weupe chuma kinatokea kwenye rangi na kung'aa. Sasa badala ya kulia kwamba uso mweusi umemezwa na giza, zile nywele zake zilizosimama ziachie wazi bila weupe, zing'ae kama ana mwezi mgongoni. Uso utajitenga wenyewe. Na hilo giza la nyuma usilifanye jeusi lile lile la uso, litie bluu au kahawia, nyeusi juu ya nyeusi hata mimi sikuchapii.

Mengine haraka haraka: saizi halisi, DPI 300 yani nukta 300 kwa inchi, maandishi yawe vekta, yale ya kompyuta yasiyovunjika ukiyakuza, siyo ya kuchora na brashi yakavunjika vunjika. Nje ya mstari wa kukatia ongeza milimita 3 za mchoro, tunaita blidi, na ndani ya mstari usiweke herufi wala jicho karibu, mashine ikiyumba kidogo utakuwa na kipunji chongo. Stika ikizunguka mwisho wake unapanda juu ya mwanzo au inabaki njia ndogo, waulize ni ipi na ni milimita ngapi, ukifanya kama mama wa chungu hakuna atakayeona kiungo kiko wapi. Ile mistari ya bei, bakodi, kwenye kitu cha mviringo inalazwa, mistari iwe kama vipandio vya ngazi kopo likisimama, ikisimama wima inajikunja kwenye duara mashine ya dukani inagoma. Nyeusi juu ya nyeupe. Usije ukaifanya nyekundu ipendeze, ile mashine inasoma kwa mwanga mwekundu, kwake nyekundu ni kama karatasi tupu. Wewe ndo uwatengee nafasi yake mapema, ukiacha waiweke wenyewe wataiweka mkiani kama walivyofanya.

Kabla hujatuma chochote tena, chapa kwenye karatasi ya kawaida stesheni yoyote, saizi ile ile, gundisha kwenye kopo, weka kwenye kabati la jikoni, toka nje, rudi, angalia. Shilingi mia tano hiyo.

Kidumu cha Njano

Kwa hiyo siku hizi bia inanywewa kwa macho? Huku Njombe ulanzi, pombe yetu ya mianzi, unakuja kwenye dumu lililokuwa la mafuta ya kula, maandishi ya kiwanda cha mafuta bado yapo, na sijawahi kusikia mtu analalamika rangi zimekufa. Wanaokufa ni wanywaji.

MchoraVibao

@Kidumu cha Njano 😂😂 mzee wa mianzi nitakuchorea lebo ya bure, mianzi yote uzungushie hilo dumu.

@Fundi Prufu kaka sijui nikushukuruje, nimechukua kopo la soda hapa nimelizungushia karatasi kweli naona sentimita 7, nilikuwa namlaumu mzungu wa watu. Hiyo ya kuacha chuma king'ae sijawahi kusikia maisha yangu yote.

Ngasi wa Mafinga

Swali la mshamba. Kwani kwanini wasichape moja kwa moja kwenye kopo kama bia zetu hizi, mpaka wabandike stika? Stika si inabanduka kwenye barafu?

Fundi Prufu

@Ngasi wa Mafinga siyo ushamba. Kopo la kuchapwa moja kwa moja linachapwa kiwandani likiwa tupu tayari ni duara, kila rangi ina pleti yake, yani bamba la kuchapia, zote zinakusanyika kwenye mpira mmoja na ule mpira unapita juu ya kopo mara moja tu. Rangi hazipandani kama kwenye karatasi, zinakaa ubavu kwa ubavu, na kwa kawaida unapewa sita au nane basi. Ukiangalia makopo ya bia kubwa utaona mchoro wake ni wa kukata kata, rangi bapa, ni kwa sababu hiyo.

Ila kinachowakimbiza wadogo siyo rangi, ni idadi. Kule Marekani kampuni kubwa ya makopo, Ball, kuanzia 2022 ilipandisha kiwango cha chini kutoka kama makopo laki mbili na elfu nne kwa mchoro mmoja mpaka zaidi ya milioni moja. Mwenye matanki manne kwenye banda milioni atayaweka wapi? Ananunua makopo matupu ya fedha anabandika. Na mashine za dijitali kama HP Indigo hazihitaji pleti, unachapa hata lebo elfu moja, mwezi ujao bia nyingine mchoro mwingine. Yani kama siyo stika dogo wetu asingepewa hii kazi kabisa.

Kubanduka, ikiwa karatasi ndiyo, kwenye ndoo ya barafu itavuka nguo. Wanatumia filamu ya plastiki. Kuna na sleevu, ile soksi ya plastiki inayovishwa kopo zima afu inapigwa joto inabana, hiyo inafunika mpaka shingoni ila pale juu inajikunja sana, ukiweka uso karibu na shingo mnyama anatoka kama kang'atwa na nyuki.

Dada wa Kalenga

Kamwene nyote.

Nimesoma huu uzi toka mwanzo nimecheka vizuri na hilo la nyuki, lakini nimerudi kwenye jambo moja naona watu mmelipita kama gari la mkaa. Mdogo wangu mchoraji, umesema kuna kitu kilikukaa vibaya. Kilikukaa sawasawa. Ngoja nikueleze ili na wewe uwe na la kumjibu huyo bwana, maana ukimwambia tu "haifai" atadhani ni uoga.

Mtwa Mkwawa alijiua kwa bunduki mwaka 1898 ili Wajerumani wasimpate mzima. Wakakata kichwa wakakipeleka kwao. Lile fuvu lilidaiwa mpaka likaandikwa kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani inatakiwa kulikabidhi kwa Waingereza, fikiria mkataba wa kumaliza vita ya dunia umo ndani yake kichwa cha baba wa watu. Na bado halikuja. Ni mpaka Twining, gavana wa Tanganyika, alipoenda mwenyewe Bremen, likaletwa Kalenga mwaka 1954. Miaka hamsini na sita. Sasa hivi lipo hapa kwenye makumbusho, kilomita chache kutoka Iringa mjini, wanafunzi wanaletwa kuliona, na wapo wazee wakiingia mle ndani wanavua kofia na sauti zinashuka.

Sasa hicho ndo kiwekwe kwenye kopo, mtu akimaliza kunywa alikanyage alitupe? Na kopo lenyewe la Uingereza? Hapana. Siyo kwamba nachukia bia, mimi mwenyewe komoni nainywa na mume wangu anajua.

Kama wanataka stori ya Iringa zipo ambazo hazina kaburi ndani yake. Zile nguzo za mawe za Isimila zimesimama kama watu wamekasirikiana. Gangilonga, jiwe linaloongea, lipo hapo juu ya mji. Achore hizo. Na fuvu lolote lile likichorwa likaandikwa jina la Mtwa wasiwe na shaka mtandao utafika mpaka huko banda lao lilipo.

MchoraVibao

Asante sana dada, shikamoo. Hayo ya Versailles sikuyajua kabisa. Nayatafsiri kama yalivyo namtumia.

Mwana wa Tukuyu Leeds

Ugonile wa nyumbani. Nimeingia kwa sababu ya neno kipunji, nipo huku Uingereza mwaka wa saba, nilifanya kazi miaka miwili kwenye baa ya bia za krafti, kubeba makreti na baadae kuuza, kwa hiyo haya makopo nimeyaangalia zaidi ya nilivyomuangalia mchumba.

Kwanza huyo bwana wa fuvu najua anapotolea. Kuna kampuni ya London inaitwa Beavertown, makopo yake yamejaa mafuvu, lile la Gamma Ray lina mafuvu ya wanaanga wanapigana angani. Yamechorwa na Nick Dwyer, na dogo hii ni yako, yule alikuwa anafanya kazi kwenye mgahawa ambao bia yenyewe ilianzia, wakaona anachora, akaishia kuwa bosi wa michoro yote ya kampuni. Kwa hiyo kila kabanda kakianza kanataka mafuvu. Mafuvu ya Dwyer ni katuni, hayana jina la mtu. La dada wa Kalenga lina jina. Mwambie hivyo hivyo ataelewa, Waingereza ukiwaambia kwa upole wanaona aibu haraka sana.

Pili, na hapa sikiliza vizuri kwa sababu Fundi hawezi kulijua, hilo tabasamu na macho makubwa ya katuni litawaletea shida. Huku kuna chombo kinaitwa Portman Group, kinashughulikia malalamiko ya vifungashio vya pombe, na sharti mojawapo ni kwamba kisivutie hasa watoto chini ya miaka 18. Kuna kiwanda cha Wales, Tiny Rebel, kopo lao la bia ya Cwtch lilikuwa na rangi za kuzunguka zunguka kama grafiti na yule dubu wao wa kuchezea. Miaka ya 2017 kuingia 2018 wakalalamikiwa, wakashindwa, wakabadilisha kopo. Watu walibishana sana kwenye baa yetu kwamba mtoto gani ananunua bia kwa ajili ya dubu, lakini kopo lilibadilika. Sasa kima anacheka macho kama sahani kashika tunda jekundu, mimi nikiwa mwenye kiwanda silali. Mchore kipunji kama kipunji. Yule mnyama hana hata haja ya kupambwa, umeshawahi kumsikia? Anatoa mlio kama honi afu kama anabweka. Mpe heshima yake, achungulie, ajifanye hakuoni.

Usiogope kutokuwa msafi pia. Ralph Steadman, Mwingereza, amechora lebo za Flying Dog ya Marekani miaka na miaka, wino umerushwa rushwa kama mtu kapiga chafya kwenye karatasi, mbwa wamechanika macho, na watu wanazijua toka mlangoni. Omnipollo wa Sweden, michoro ya Karl Grandin, mbele mara nyingi ni picha tupu hakuna hata jina. Yani kwenye rafu lenye makopo mia yote yanapiga kelele, aliyenyamaza ndo anaonekana. Wewe una mkono wa vibao, ule mstari wa brashi mmoja usiorudiwa, huku hawana huo. Mimi nilivyoona "mchora vibao" nilitamani uwaandikie jina KIPUNJI kwa herufi zile za ubavuni mwa Fuso, zenye kivuli.

Maandishi ya sheria usiyasahau kwenye kupanga nafasi. Asilimia ya kilevi, ujazo, na viambato vinavyodhuru baadhi ya watu, shayiri lazima itajwe, na kama stauti yao wametia sukari ya maziwa basi maziwa nayo. Herufi za hayo maelezo zisishuke chini ya milimita 1.2 ukipima herufi ndogo kama x. Waombe wakupe maandishi yote KABLA hujachora, siyo baada.

Pesa. Pauni 150 kwa kuchora tu kopo moja, kwa mtu wa kwanza, siwezi kusema umepigwa. Kilichokupiga ni hayo maneno "unakuwa wao moja kwa moja". Maana yake kesho wanatoa fulana, glasi, mabango, bia ya pili na ya tatu ya kipunji, na wewe upo Soweto unashika ngazi. Rafiki yangu mmoja huku alichora kopo moja kwa bei karibu na hiyo, likapendwa, wakauza fulana msimu mzima, alipata kikombe. Kwa hiyo andika barua fupi tu, siyo lazima mwanasheria: mchoro ni wa kopo la bia hii tu, kwa miaka miwili, fulana na mabango tunaongea upya, jina langu linaandikwa kwenye lebo hata kama ni dogo, nusu ya pesa mnatuma kabla, marekebisho mara mbili ya tatu yanalipiwa. Wasaini mnatumiana kwa barua pepe. Na faili lenye leya zote usilitume mpaka nusu ya pili imeingia, tuma picha ya kawaida.

Fundi Prufu

@Mwana wa Tukuyu Leeds hapo kwenye faili umeongea neno. Dogo kazi yako kaisajili COSOTA pia, ile ofisi ya hakimiliki. Na ukipata tenda ya mtu wa hapa nyumbani kumbuka kuuliza habari za TBS, onyo la miaka 18, na stempu ya TRA ya kielektroniki, toka 2019 bia nazo zimo, usije ukakuta nafasi yao uliijaza maua ya Kitulo.

Kidumu cha Njano

Hili dumu langu halina stempu, naomba huu uzi ufungwe.

MchoraVibao

Wakuu nimerudi, samahani kimya, umeme na bando vilinisusa pamoja.

Kwanza yule wa fuvu nilimtumia maneno ya dada wa Kalenga nimeyatafsiri na kamusi ya simu. Alikaa siku moja akajibu ameomba radhi, kasema hakujua kama ni kitu kilichopo bado na watu wanakitembelea, alidhani ni hadithi ya zamani. Basi limeisha.

Pili mchoro. Nilifuata ushauri, nilinunua chungu cha Kisi, mke wangu amekichukua anapikia maharage lakini kabla hajakichukua nilikaa nacho usiku mbili. Sasa nimechora vipunji vitatu badala ya kimoja. Kila mmoja ndani ya sentimita 7 zake. Wapo kwenye tawi moja la mkahawa linalozunguka kopo zima, na mkia wa huyu unapita chini ya tawi unatokea mbele ya mwenzake, kwa hiyo ukigeuza kopo unafuata mkia hufiki mwisho. Hakuna anayecheka. Mmoja anachungulia, mmoja kakupa kisogo, wa tatu anakuangalia kama una deni lake. Kijani ya kuwaka nimeitoa, nimebaki na bluu ya usiku, kahawia, na nyekundu ya tunda bivu ambayo ndo nimewaombea Pantone. Nywele na ncha za mkia nimeacha bila weupe, filamu yao kweli ni ya fedha. Rungwe nimeufanya mstari mmoja tu kule chini unaopanda na kushuka, asiyeujua atadhani ni pambo, wa Tukuyu atauona.

Jina nimeliandika kwa brashi kwenye karatasi kama kibao cha duka afu nikapiga picha, KIPUNJI, na kivuli cha Fuso kama ulivyosema kaka wa Leeds. Bakodi imelala kati ya mkia wa pili na wa tatu kama imetegwa.

Pesa wamepanda mpaka 220, kwa kopo tu, jina langu linakaa pembeni ya ujazo. Fulana wamesema tutaongea. Walikataa miaka miwili wakataka mitano, tumekutana mitatu. Nusu imeingia jana benki.

Kilichobaki kinachonisumbua, hiyo leya ya wino mweupe. Nimeichora lakini sina uhakika kama nimeigeuza au ndivyo inavyotakiwa, nimejaza palipo na weupe rangi ya zambarau kama walivyonielekeza na sasa kipunji anaonekana ana ugonjwa. Fundi naweza kuja hapo dukani kwako Mwanjelwa kesho unitazamie kabla sijatuma?

Fundi Prufu

Zambarau ni sawa, hiyo ni alama tu ya kumwambia mashine, haichapwi. Ila kwenye faili hakikisha umeiset ovaprinti, yani isizitoboe rangi zingine, hapo ndo wengi wanaharibu. Njoo saa nne, mapema nakuwa na kazi ya mtu wa alizeti. Njoo na kopo, usije na tableti peke yake.